Bunge lisingoje fedha za nyumba zizikwe ndipo liulize

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Nakuru huupita mji wa Gilgil bila kuutazama mara mbili. Aghalabu mawazo yake huwa yamekwisha kutangulia Kikopey, ambako moshi wa nyama ya kuchoma humpokea kando ya barabara kuu. Hata hivyo, mji huo mdogo uliobanwa baina ya Naivasha na Ziwa Elementaita una jambo moja la kuwafunza waheshimiwa wabunge wetu kuhusu fedha za umma.

Gilgil ni mji ulioizoea Serikali. Ziko kambi za jeshi. Kiko chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ambako maelfu ya vijana wamekwata na kuhitimu. Kuna stesheni ya reli, na iko mizani ambayo kila dereva wa lori katika barabara hiyo anaifahamu. Kwa hivyo mkazi wa Gilgil anapolipwa mshahara, au anapomuuzia viazi na sukuma wiki mtu aliyelipwa mshahara, mara nyingi fedha hizo zimetoka katika mfuko wa umma. Na kila mwezi sehemu yake hurudi huko huko zilikotoka.

Swali ambalo mwananchi huyo anajiuliza si gumu. Je, fedha hizo zikirudi serikalini, ni nani anayezifuata na kuuliza zilikofikia? Na je, anauliza wakati gani: zingali kwenye meza, au zimekwisha kuliwa?

Hebu tuchukue mfano wa ushuru wa nyumba. Mwalimu wa shule ya msingi anayepata mshahara wa Sh40,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 1.5, yaani Sh600. Kwa mwaka mzima hiyo ni Sh7,200. Sheria inamtaka mwajiri wake pia atoe kiasi kicho hicho, na hivyo jumla inakuwa Sh14,400. Lakini mwajiri wa mwalimu ni umma. Maana yake ni kwamba nusu ya pili nayo inatoka kwa mlipa kodi, akiwemo mwalimu mwenyewe. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024 ilikwenda mbali zaidi ikawagusa hata wale wasio na mwajiri. Mwenye kibanda sokoni naye anatakiwa atoe asilimia 1.5 ya mapato yake.

Ushuru huo ulifika mahali ulipo baada ya mvutano mkubwa. Uliingizwa kwanza na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba ulikiuka Katiba, miongoni mwa sababu zao ikiwa ni kwamba uliwatoza wenye mishahara na kuwaacha wengine. Bunge likatunga sheria nyingine, na mnamo Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali. Basi mjadala wa kama utozwe au usitozwe uliwashughulisha mahakimu na mawakili kwa muda mrefu. Mjadala wa jinsi unavyotumiwa haujapata hata nusu ya jasho hilo.

Mwandishi wa makala haya hapingi Serikali kujenga nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yafaayo. Mtu aliyelala katika chumba kimoja cha mabati pamoja na mkewe na watoto wanne, wakichangia choo kimoja na nyumba kumi nyingine, hahitaji kuhubiriwa juu ya umuhimu wa nyumba bora. Anachohitaji ni hakikisho kwamba shilingi iliyotolewa kwa jina lake itakuwa tofali, wala haitageuka kuwa kikao cha hotelini.

Kalenda iliyosahaulika

Walioandika Katiba walilifikiria jambo hili kwa makini kuliko wengi tunavyodhani. Walipanga kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali humalizika tarehe 30 Juni. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inazipa wizara na idara miezi mitatu kuwasilisha hesabu zao, yaani hadi mwisho wa Septemba. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu awe amekamilisha ukaguzi wake katika muda wa miezi sita baada ya mwaka kumalizika, nao huo ni mwisho wa Desemba. Kisha Bunge, au bunge la kaunti, linapewa miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua zifaazo. Tukihesabu vidoleni tunafika mwisho wa Machi.

Na mwezi unaofuata kuna nini? Kifungu cha 221 kinamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio ya mwaka mpya angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika. Hiyo ni kusema ifikapo mwisho wa Aprili.

Msomaji ataona mara moja hekima iliyomo. Mbunge alitarajiwa kuyapokea maombi ya fedha mpya akiwa amekwisha kujua fedha za jana zilifanya nini. Wizara iliyoshindwa kueleza zilikokwenda mamilioni ya mwaka uliopita ingekuja Aprili na kikapu chake, na mbunge angekuwa na ripoti mkononi ya kuiuliza, "Yale tuliyokupa yako wapi?" Hata mama wa nyumbani hampi mtoto fedha za kwenda dukani mara ya pili kabla ya kudai chenji ya mara ya kwanza.

Lakini hivyo sivyo mambo yanavyokwenda. Kwa miaka mingi Kamati ya Bunge kuhusu Hesabu za Serikali imezoea kuhoji matumizi ya miaka miwili, mitatu au hata zaidi iliyopita. Katibu wa Wizara anapofika mbele ya kamati, jibu lake la kwanza huwa kwamba wakati huo yeye alikuwa wizara nyingine. Aliyetia sahihi vocha amestaafu. Mwanakandarasi amefunga ofisi. Faili imepotea. Kamati hukasirika, magazeti huandika kwa herufi kubwa, na bajeti mpya huwa imekwisha kupitishwa zamani. Ukaguzi wa namna hiyo wafanana na uchunguzi wa maiti. Waweza kueleza kilichomuua marehemu, lakini hauwezi kumwamsha.

Ucheleweshaji huo una hasara nyingine ambayo watu wachache huitaja. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini mapato hayo hupimwa kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kipimo kinabaki kuwa cha zamani. Zaidi ya mara moja tumetangaziwa kwa fahari asilimia kubwa ya mgao wa kaunti, kumbe imepigiwa hesabu ya mapato ya miaka kadhaa iliyopita, wakati bei ya saruji ni ya leo.

Nyumba tatu, jibu hakuna

Sasa turudi Gilgil. Tuseme mkazi wake anataka kujua habari za mradi wa nyumba, soko au mtaro wa maji taka. Amwendee nani?

Kama fedha ni za ushuru wa nyumba, hizo ni za Serikali ya taifa, na wa kuuliza ni Bunge la Taifa. Kama ni za kaunti, wa kwanza kuuliza ni Bunge la Kaunti ya Nakuru, kupitia kwa wawakilishi wa wadi. Juu yao ipo Seneti, ambayo kifungu cha 96 kinaipa jukumu la kusimamia fedha za taifa zilizogawiwa kaunti, na ambayo kamati yake ya hesabu huwaita magavana wajieleze. Kama ni fedha za hazina ya eneo bunge, basi muulizaji na mhusika hukaribiana mno, kwa kuwa mbunge yule yule anayepaswa kuikosoa Serikali kwa matumizi ndiye husifiwa na wapiga kura kwa madarasa yaliyojengwa kwa hazina hiyo. Mnamo Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu sheria ya mwaka 2015 iliyoifuata, uamuzi ambao ulikatiwa rufaa.

Kwa macho ya mwananchi, hiyo ni mikono mingi inayolinda chungu kimoja. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Nyumba haiwezi kukaliwa bila maji na mabomba ya maji taka. Nyumba zikijengwa kwa fedha za taifa, na maji na mabomba yakiwa jukumu la kaunti, ni kamati gani itakayouliza kwa nini majengo yamekamilika na hakuna anayehamia? Mradi wa Bondeni mjini Nakuru, wenye nyumba 605, uliwahitaji wote wawili, kaunti iliyotoa ardhi na Serikali ya taifa. Basi mradi wa pande mbili wahitaji ukaguzi wa pande mbili, unaokaa meza moja.

Ugonjwa huu si mpya

Wapo wanaodhani matatizo haya yalizaliwa na ugatuzi. La hasha. Wazee wa Nakuru wanaikumbuka mitaa ya Kaloleni, Flamingo na Kivumbini ilipokuwa chini ya baraza la manispaa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 kutokana na halmashauri ya wakati wa ukoloni, lilikuwa likiyakopesha mabaraza fedha za kujenga nyumba za kupangisha. Mpangaji alilipa kodi kila mwezi. Mabaraza mengi yalikusanya kodi hiyo lakini hayakurejesha mkopo, na madeni yakawa wimbo wa kila mwaka katika ripoti za wakaguzi.

Haki itendeke kwa mabaraza hayo pia. Tangu mwaka 1970 mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, na muda mfupi baadaye kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo lao ikafutwa. Yaliachiwa majukumu makubwa na mfuko uliotoboka. Haikuwa hadi mwaka 1999 ndipo hazina maalumu ya mabaraza ilipoanza kuyagawia asilimia 5 ya kodi ya mapato. Wakati huo wote diwani ndiye aliyetukanwa, na Waziri wa Serikali za Wilaya ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulivunja baraza zima kwa kalamu moja.

Mabaraza yalipokufa mwaka 2013, ilitakiwa mali na madeni yake yaorodheshwe kabla ya kukabidhiwa kaunti. Mamlaka ya Mpito iliyopewa kazi hiyo ilimaliza muda wake mwaka 2016 pasipo kuikamilisha, na kazi ikarithiwa na kamati nyingine. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mahali ambapo methali hiyo imetimia kama katika ploti na nyumba za mabaraza yetu ya zamani.

Wala tusisahau masaibu ya mwaka 2008. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, Serikali iliahidi kila familia iliyofurushwa Sh10,000 za kuanzia maisha na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Katika Bonde la Ufa zilienea hadithi za waliopata, waliokosa, na waliopata ilhali hawakuwa wamefurushwa. Wengine walichangishana zile elfu kumi wakanunua vipande vidogo vya ardhi, wakaishi humo kwenye mahema kwa miaka. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Ekwee Ethuro ilizunguka kusikiliza malalamiko hayo, na ripoti yake ikajadiliwa mwaka 2012. Ilikuwa kazi ya maana. Lakini mtoto aliyeingia hemani akiwa na miaka sita alikuwa tayari amefikisha kumi.

Gilgil yenyewe imelijua jina la NYS kwa wema na kwa ubaya. Kwa wema, kwa sababu chuo kile kimewapa vijana wa nchi nzima nidhamu na ujuzi. Kwa ubaya, kwa sababu mwaka 2015 taifa lilifahamishwa kwamba Sh791 milioni za huduma hiyo, iliyokuwa chini ya Wizara ya Ugatuzi na Mipango, zilikuwa zimelipwa kwa njia zisizoeleweka. Kamati ya Bunge ililichunguza jambo hilo. Kabla miaka mitatu kwisha, mnamo Mei 2018, watu wengi walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za fedha nyingine nyingi zaidi za huduma ile ile. Uchunguzi wa kwanza haukuziba ufa, nasi tukalazimika kujenga ukuta.

Na ni lazima tuseme ukweli kuhusu kamati zenyewe. Mwaka huo huo wa 2015, Kamati ya Hesabu za Serikali ilivunjwa na Bunge baada ya wanachama wake kushutumiana kwa hongo. Mlinzi anapotuhumiwa kula na mwizi, mwenye nyumba hana budi kulala macho.

Wabunge hujitetea

Wabunge wana utetezi wao, na si wote wa kupuuzwa. Husema ripoti ni nyingi na kamati ni moja. Hilo ni kweli kiasi. Husema pia kwamba wao hupendekeza tu, na kwamba kushtaki ni kazi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi pamoja na Mkurugenzi wa Mashtaka. Hilo nalo ni kweli.

Lakini kifungu cha 125 kinazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi na kudai nyaraka. Kifungu cha 226 kinasema mtumishi wa umma anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara hiyo hata akiwa ameondoka kazini. Kwa hivyo jibu la "nilikuwa wizara nyingine" au "aliyefanya hayo amestaafu" halimfungi mtu mdomo. Aliyestaafu aitwe kutoka shambani kwake. Aidha, Bunge lina silaha ambayo haihitaji polisi wala mahakama, nayo ni kukataa kuidhinisha fedha mpya.

Makala haya yana mapendekezo manne. Kwanza, Bunge lianze na ripoti ya mwaka wa karibuni kabisa, na zile kuukuu zikabidhiwe kamati ndogo. Ni afadhali kuokoa ya leo kuliko kuombolezea ya jana. Pili, fungu la wizara au idara yoyote ambayo hesabu zake hazijahojiwa ifikapo Machi lisiidhinishwe Juni bila maelezo ya wazi ndani ya Bunge.

Tatu, ushuru wa nyumba uandikiwe hesabu kwa jina la mahali. Ripoti inayosema mabilioni yametumika nchini haimsaidii mtu wa Gilgil, wa Molo wala wa Subukia. Orodha ibandikwe katika ofisi ya chifu na ya wadi, ikionyesha mradi, mwanakandarasi, fedha zilizolipwa na kazi iliyofanyika. Nne, kamati ya Bunge la Taifa na ile ya Seneti zikae pamoja na wawakilishi wa wadi mahali penye mradi, angalau kwa miradi mikubwa. Katibu wa Wizara akijibu maswali mbele ya watu wanaoliona jengo lenyewe kwa macho yao, ulimi wake utakuwa mwangalifu zaidi kuliko akiwa Nairobi.

Mwananchi naye asijitoe. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Barua moja ya chama cha walimu, au ya wafanyabiashara wa sokoni, ikiuliza kwa adabu na kwa takwimu, yaweza kufanya kazi kubwa kuliko makelele ya mikutano kumi ya hadhara. Mnamo Juni 2024 vijana wa nchi hii walionyesha kwamba waweza kusoma mswada wa fedha kifungu baada ya kifungu. Baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Bidii hiyo ya kusoma namna fedha zitakavyokusanywa ielekezwe pia katika kusoma namna zilivyotumiwa.

Mwalimu wetu wa Gilgil atakatwa Sh600 mwezi huu, na mwezi ujao atakatwa tena. Makato hayo hayachelewi hata siku moja. Mkono wa kuchukua umejifunza kalenda yake vizuri sana, nao mkono wa kuuliza hauna udhuru wa kutoijua ya kwake. Waheshimiwa wakumbuke kwamba mwezi wa Machi huja kila mwaka.